"Ukipoteza, ongeza mara mbili": mbinu za ruleti kwenye hesabu ya mfuko wa Goma

Jioni ya mvua, kwenye parkingi ya pikipiki ya rond-point Signers ao kule Birere, si vigumu kukuta motari watatu wanne wamejikunja chini ya paa la duka, vichwa vimeinama juu ya simu moja. Kwenye simu, gurudumu la rangi mbili linazunguka. Mmoja anasema: "Rouge imekosa mara ine. Sasa njo yake." Mwingine anajibu: "Basi ongeza mara mbili, mukubwa. Ukipoteza tena, ongeza tena. Itatoka tu, na unarudisha yote."

Ushauri huo wa pili una jina na una umri wa zaidi ya miaka 200. Wafaransa waliuita martingale. Leo unapita kwenye vikundi vya WhatsApp pamoja na ndugu zake: D'Alembert, Fibonacci, Labouchère, Paroli. Wengine wanaitoa bure, wengine wanaiuza kama "metode ya hakika". Ni vizuri kuzilinganisha kwa makuta ya kweli, franka kwa franka, kwa sababu hazifanani hata kidogo. Kuna moja inayokula polepole, na kuna moja inayokaa kimya siku nyingi halafu inabeba mtaji wa mwezi kwa dakika tano.

Wachache Goma waliwahi kukaa mbele ya meza ya ruleti ya mbao, ile yenye mtu wa tai anayetupa kigololi. Lakini ruleti ya picha iko kwenye simu, na Aviator, ile ndege nyekundu inayopanda na namba, iko karibu kila kartie, kutoka Himbi mpaka Ndosho. Hesabu ya moja ni karibu hesabu ya nyingine, kama itakavyoonekana.

Chumba kimoja cha kijani

Gurudumu la ruleti ya Ulaya lina vyumba 37: namba 1 mpaka 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, halafu zero ya kijani. Ukiweka dau, ile mise, ya 500 franka juu ya nyekundu, na kigololi kikaanguka kwenye nyekundu, unarudishiwa 500 yako na 500 nyingine juu yake. Kama zero isingekuwako, huo ungekuwa mchezo wa sawa kwa sawa, kama kurusha sarafu. Lakini iko. Nafasi zako ni 18 juu ya 37, yaani asilimia 48.65. Nafasi za mwenye meza ni 19.

Chumba hicho kimoja njo kinacholipa kodi ya nyumba ya mchezo, taa, walinzi na matangazo. Kwa kila 1,000 franka zinazowekwa mezani, mwenye meza anabakia na 27 kwa wastani. Kwenye gurudumu la Marekani lenye zero mbili anabakia na karibu 53.

Sasa tazama Aviator. Spribe, kampuni iliyoitengeneza na kuitoa mwaka wa 2019, inatangaza kwamba mchezo unarudisha asilimia 97. Maana yake, mtu anayejiwekea kuruka kwenye ndege kila ikifika 2.00 anafaulu karibu mara 48.5 kwa kila mara 100. Ruleti ilikuwa 48.65. Ni ruleti ile ile iliyovaa mabawa. Kwa hiyo anayetumia martingale kwenye ndege anafanya kitu kile kile wazungu walichofanya kwenye meza za Monte Carlo, isipokuwa yeye hajavaa tai na hakuletewa kinywaji.

Martingale, siku kwa siku

Chukua motari mmoja wa Majengo. Jina lake si lazima. Anaanza na 500 franka juu ya nyekundu. Akishinda, amepata 500, anarudi mwanzo. Akipoteza, anaweka 1,000. Akipoteza tena, 2,000, halafu 4,000, 8,000, 16,000, 32,000. Siku yoyote nyekundu ikitoka katikati ya ngazi hiyo, anarudisha yote aliyopoteza na 500 juu yake. Hapo mshauri wa WhatsApp hadanganyi. Njo vile inavyofanya kazi.

Ila hesabu upande wa pili. Hatua hizo saba zikijumlishwa ni 63,500 franka. Akipoteza mara saba mfululizo, hatua ya nane inaomba 64,000, na mfuko umekwisha. Hata kama angekuwa nazo, meza nyingi zina kikomo cha dau, na simu vilevile.

Kupoteza mara saba mfululizo kunatokea mara ngapi? Kwenye ruleti ya zero moja, karibu mara 1 kwa kila ngazi 106. Inaonekana ni mbali. Mtu anaweza kujiambia: mara 105 ninashinda, mara moja tu ninaanguka. Ni kweli kabisa. Mara 105 zenyewe zinaleta 500 kila moja, jumla 52,500. Mara ile moja inachukua 63,500. Hasara ni 11,000.

Na mara ile moja haingoji mwisho wa foleni. Tuseme motari huyu anajipangia ngazi 20 kwa siku, ili apate 10,000 franka za jioni. Kwa simu, hiyo ni kazi isiyofika saa moja. Siku ya kwanza, kati ya watu 100 wanaofanya hivyo, 17 wanapoteza mtaji mzima wa 63,500. Wengine 83 wanarudi nyumbani na furaha, wananunua sambaza na makala, na wanaanza kufundisha rafiki. Mwisho wa siku ya tano, kati ya wale 100, karibu 61 wamekwisha kuanguka. Mwisho wa siku ya 12, karibu 90. Hata yule mwenye bahati aliyefika siku ya tano bila kuanguka ana faida ya 50,000, na hiyo bado haifikii bei ya kuanguka mara moja.

Hapo kuna jibu la swali linaloulizwa sana: kama metode haifanyi kazi, kwa nini kila mtu anamjua mtu aliyeshinda nayo? Kwa sababu inashinda karibu kila siku. Martingale inatengeneza washindi wadogo wengi wenye mdomo, na walioanguka wachache kila siku, ambao wanaona haya kusema. Mtu aliyekula ile "versement" ya mwenye pikipiki hawezi kusimama kwenye parkingi na kuwahubiria wenzake.

Mlima unakumbuka, gurudumu hapana

Nyuma ya martingale kuna wazo moja: nyekundu ikikosa mara nyingi, "zamu" yake imekaribia. Wakaaji wa Goma wana sababu ya kufikiri hivyo. Nyiragongo ililipuka mwaka wa 1977, ikalipuka 2002, ikalipuka 2021. Mlima unakusanya: ndani yake ziwa la lava linapanda na kushuka, nguvu inajibana chini ya ardhi, na wataalamu wa OVG wanapima matetemeko na gesi kwa sababu kuna kitu cha kupima. Yaliyopita yamo ndani ya mlima.

Gurudumu halina tumbo kama hilo. Nyekundu ikikosa mara sita, hakuna kitu kinachojibana popote. Vyumba vinabaki 37, vyekundu vinabaki 18, na mzunguko wa saba una nafasi ile ile ya 48.65. Programu ya simu nayo inachagua kila mzunguko upya. Mistari ya matokeo yaliyopita inayoonyeshwa pembeni ya mchezo, yenye rangi na namba nzuri, haisaidii kujua ijayo. Imewekwa pale kwa sababu macho ya binadamu yanapenda kutafuta njia hata pasipo na njia.

Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kigololi kilianguka kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyoendelea, watu walijazana kwenye meza kuweka pesa juu ya nyekundu, wakiamini kwamba haiwezi kukosa tena. Ilikosa. Kasino ilivuna mamilioni ya franka za Ufaransa usiku ule. Kama mtu angeanza na 500 yetu na kuongeza mara mbili tangu mzunguko wa kwanza, dau lake la mzunguko wa 26 lingekuwa zaidi ya milyari 16 za franka. Na baada ya hapo angekuwa anatafuta faida ya 500.

D'Alembert na kosa lake

Metode ya pili kwa umaarufu ina jina la mtu mwenye heshima: Jean le Rond d'Alembert, mwanahesabu wa Ufaransa, aliyezaliwa 1717 na kufa 1783, mmoja wa viongozi wa ile Encyclopédie kubwa. Katika hesabu ya nguvu na mwendo alikuwa mwalimu wa walimu. Katika bahati aliteleza. Mwaka wa 1754 aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, nafasi ya kupata kichwa angalau mara moja ni 2 juu ya 3. Mtoto wa sekondari anaweza kumsahihisha: kuna njia nne (kichwa-kichwa, kichwa-mkia, mkia-kichwa, mkia-mkia), na tatu kati yake zina kichwa. Ni 3 juu ya 4. Aliamini pia kwamba mkia ukirudi mara nyingi, kichwa kinazidi kukaribia. Lile neno la motari, "sasa njo yake", lina babu msomi.

Metode inayobeba jina lake ni ya upole kuliko martingale. Ukipoteza, unaongeza dau kwa kipimo kimoja tu. Ukishinda, unapunguza kipimo kimoja. Kipimo kikiwa 500, unakwenda 500, 1,000, 1,500, 2,000, halafu unashuka vilevile. Uzuri wake ni huu: mara za kushinda zikilingana na mara za kupoteza, hurudi sifuri, unabakia na kipimo kimoja cha faida kwa kila ushindi. Hata ukishinda mara 23 na kupoteza mara 27, huku umeanza kwa kupoteza, bado unatoka na 6,500 franka. Ni rahisi kuona mtu anavyoipenda. Amepoteza mara nyingi kuliko alivyoshinda, lakini mfuko umejaa.

Sasa chukua siku mbaya kidogo: mizunguko 50, kushinda 20, kupoteza 30. Tofauti ni kumi. D'Alembert anakuachia hasara ya 17,500 franka. Mtu aliyeweka 500 ileile kila mara, bila metode yoyote, siku hiyo amepoteza 5,000 tu. Na siku kama hiyo, ama mbaya kuiliko, si muujiza: inafika karibu mara moja kwa kila siku saba za kucheza mizunguko 50. Metode imehamisha hasara kutoka siku nyingi ndogo na kuirundika juu ya siku chache kubwa. Imefanya kazi ya martingale, ila kwa adabu.

Namba za Béjaïa

Fibonacci inavutia wengi kwa sababu inaonekana ya kisomi. Namba zake ni 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21: kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia. Ukipoteza unasogea namba moja mbele, ukishinda unarudi namba mbili nyuma. Mwenye jina, Leonardo wa Pisa, alijifunza hesabu ya tarakimu tunazotumia leo akiwa kijana Bugia, mji unaoitwa sasa Béjaïa, huko Algeria, ambako baba yake alifanya kazi na wafanyabiashara wa Pisa. Kitabu chake, Liber Abaci, ni cha mwaka wa 1202, na zile namba zilitokea katika swali la sungura wanaozaana. Ruleti ilikuja zaidi ya miaka 500 baadaye. Mzee huyo hana kosa lolote katika mambo ya nyekundu na nyeusi.

Upande wake mzuri: kupoteza mara saba kunagharimu vipimo 33, yaani 16,500 franka, na si 63,500. Upande wake mbaya: ushindi mmoja haurudishi yote. Baada ya kupoteza mara saba unaweka vipimo 21. Ukishinda, bado uko chini vipimo 12, yaani 6,000 franka, na unahitaji ushindi mwingine na mwingine. Martingale inaanguka ghafla. Fibonacci inakuweka kwenye tope, unavuta mguu huu, ule unazama, na wakati huo wote unaendelea kucheza. Kuendelea kucheza njo kitu ambacho mwenye meza anakitaka.

Labouchère, jina la mbunge mmoja wa Uingereza wa karne ya 19, inakuomba karatasi. Unaandika safu, kwa mfano 1-2-3-4. Dau ni namba ya kwanza kujumlisha ya mwisho. Ukishinda unafuta zote mbili, ukipoteza unaongeza dau hilo mwishoni mwa safu. Safu ikiisha, umepata jumla uliyoandika. Kwa kuwa ushindi unafuta namba mbili na hasara inaongeza moja tu, inaonekana kwamba kushinda kidogo kunatosha. Tatizo ni kwamba namba zinazoongezwa ni kubwa kuliko zile zinazofutwa, na siku mbaya safu inarefuka mpaka dau linashinda mfuko.

Paroli inakwenda kinyume cha zote: unaongeza mara mbili ukishinda, si ukipoteza. Unaweka 500, ikishinda unaacha 1,000, ikishinda tena unaacha 2,000, mara ya tatu unachukua 4,000 na kuanza upya. Hii inafaulu karibu mara moja kwa kila majaribio 9. Nyingine zote unapoteza 500 zako, basi. Kwa wastani mwenye meza bado anakula, lakini ubaya wake unajulikana kabla ya kuanza: hakuna jioni ambayo 500 itageuka kuwa deni la 63,500 bila wewe kuiona inakuja.

Weka sasa tatu kwenye mizani moja, kwa mizunguko 40 ya simu na dau la kuanzia la 500. Mwenye kuweka 500 ileile kila mara anapoteza kwa wastani karibu 540 franka. Mwenye Paroli, karibu 920. Mwenye martingale ya hatua saba, karibu 2,000. Si kwa sababu martingale ina zero kubwa zaidi. Ni kwa sababu inamfanya mtu aweke mezani pesa nyingi zaidi, na mwenye meza anachukua 27 zake kwa kila 1,000 iliyopita mbele yake. Wanahesabu wa karne ya 20, Joseph Doob akiwa mmoja wao, walithibitisha jambo hilo kwa jumla: kwenye mchezo usiokuwa wa haki, hakuna mpangilio wa madau, hata uwe wa akili namna gani, unaougeuza kuwa wa faida kwa mwenye mfuko wenye mwisho.

Waliomshinda mwenye meza

Wapo. Joseph Jagger, fundi wa viwanda vya nguo kutoka Yorkshire, Uingereza, alikwenda Monte Carlo katika karne ya 19 akiwa anajua kitu kimoja: hakuna mashine inayozunguka sawa kabisa. Aliajiri watu waandike namba zinazotoka, siku baada ya siku, mpaka akapata gurudumu lililoegemea upande. Aliweka pesa kwenye namba zake na akavuna. Kasino ilipogundua, ilibadilisha magurudumu. Jagger hakuwa na metode ya madau. Alikuwa na gurudumu bovu. Kwenye simu hakuna ekseli ya kuchakaa.

Charles Wells naye alijulikana mwaka wa 1891 kwa kuvunja benki ya Monte Carlo, na alidai ana mfumo usioshindwa. Miaka miwili baadaye alihukumiwa London kifungo cha miaka minane kwa utapeli.

Hilo linakumbusha wale wanaouza "predictor" ya Aviator kwenye Telegram na WhatsApp, pamoja na picha za ushindi. Kuna njia rahisi ya kutengeneza ushahidi kama huo. Mtu anatuma utabiri kwa watu 64: nusu anawaambia nyekundu, nusu nyeusi. Waliokosewa anawaacha, waliobaki anawagawa tena. Baada ya mara sita, kuna mtu mmoja Goma aliyeona utabiri sita wa kweli mfululizo, na huyo atauza shamba ili alipe wa saba. Na kama mwuzaji angekuwa anajua kweli ndege itaanguka wapi, asingehitaji dola tano za motari.

Watu wa kuponi za mpira wasicheke sana. Kuponi ya mechi kumi inafanya kitu kibaya zaidi, maana ile sehemu ya mwenye pari inajirudia kila mechi. Tuseme kwenye kila mechi anabakia na 6 kwa 100. Mechi kumi zikifungwa pamoja, katika kila 100 zinazowekwa, zinazorudi kwa wachezaji ni karibu 54. Ukipima hivyo, ruleti ni mchezo wa huruma.

Pesa iliyo ndani ya simu

Kinachofanya hesabu hii iwe nzito Goma kuliko Monte Carlo ni mahali pesa inapolala. Tangu benki zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, simu imekuwa sanduku la familia nyingi: Airtel Money, M-Pesa, Orange Money. Kupata noti mkononi kumekuwa na bei yake, kwa sababu kwenye kabini wanaomba asilimia juu ya kile unachotoa. Lakini kupeleka pesa hiyo hiyo kwenye mchezo ni kubonyeza mara mbili. Karo ya watoto, zamu ya likelemba iliyofika jana, pesa ambayo ndugu wa Bukavu ametuma kwa ajili ya mgonjwa, "versement" ya kesho, vyote vinakaa kwenye namba moja na mise. Zamani, kati ya mshahara na mchezo kulikuwa na njia ya kwenda mpaka pale, na njiani mtu angeweza kukutana na mama watoto.

Halafu kuna mbio. Kwenye meza ya mbao, kigololi kinatupwa kama mara 40 kwa saa, kwa sababu watu wanalipwa, wanaweka, wanabishana. Kwenye simu mizunguko inapita mia kwa saa bila shida. Ngazi 106 za martingale, zile zenye kuanguka kumoja ndani yake kwa wastani, zinahitaji mizunguko kama 215. Mezani hiyo ingekuwa kazi ya jioni mbili. Kwa simu ni kati ya mvua kuanza na mvua kukatika.

Nchi jirani zimeanza kugusa upande wa matangazo. Mwisho wa Aprili 2025, bodi inayosimamia michezo ya kubahatisha ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya pari kwa siku 30. Hakuna serikali, hata hivyo, inayoweza kusimamisha ushauri wa rafiki kwenye parkingi.

Kwa yule atakayecheza hata baada ya kusoma, hesabu inaelekeza upande mmoja: dau lisilopanda, na kiasi kilichotolewa kwenye simu mapema, kikiisha kimeisha. Kwa walio kwenye likelemba, kuna vikundi vinavyopendelea kumkabidhi mwenye zamu pesa mkononi, mbele ya wote, hata kama kutoa noti kunagharimu kidogo. Gharama hiyo inaweza kuwa ya bei nafuu.

Na kwa asiyeamini hizi namba, kuna njia ya kuzijaribu bila makuta. Okota vifuniko 37 vya chupa pale nyuma ya nganda: 18 vya Primus, 18 vya Fanta, kimoja cha rangi nyingine. Tia kwenye mfuko mweusi. Vuta kimoja, andika, rudisha, tikisa, vuta tena. Primus njo nyekundu yako. Andika kwenye daftari kila dau la martingale kutoka 500 mpaka 32,000, kwa uaminifu, bila kurudia mvuto usioupenda. Kwa wastani, Primus inakosa mara saba mfululizo kabla mkono haujafika mvuto wa 220. Kwa wengine itakuwa kwenye ukurasa wa nne, kwa wengine kwenye ule wa kwanza.